Zamu ya Mama Kupimwa

Tangu sanamu ya kujaribishia nguo ivunjike, karakana yetu ya kushona sare ilikuwa na utaratibu mmoja wa kijinga: fundi mmoja anasimama kwenye kijukwaa, msimamizi anampima, ndipo kitambaa kinakatwa. Msimamizi tulimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Na fundi wa kusimama, kila mara, nilikuwa mimi.

Mikono ya Futi ilikuwa na safari zake. Kupima kiuno kulichukua muda wa kushona suruali nzima, na kifua alikirudia, eti amesahau namba. Nikilalamika anacheka: "Dada, acha kujishtukia, hii ni kazi." Wenzangu nao hawakukosa la kusema. Mmoja alidai Futi ni mtu wa utani tu. Mwingine akanishauri nivae gauni pana. Nikavaa gauni kama turubai, na mikono ikaja vilevile. Lililokuwa wazi hawakulitaja: Futi ndiye aliyegawa mashine na zamu, na aliyemuudhi alipewa mashine mbovu.

Ningeshamshtaki zamani kwa bosi, mama mwenye karakana. Kilichonifunga mdomo ni mama mkwe wangu, aliyekuwa akishona vifungo nyuma yangu. Akiamini nimejitakia mwenyewe, basi nimekwisha, kazini na nyumbani.

Asubuhi moja tulipata kazi ya sare za wauguzi. Bosi alikuwepo, anakagua kitambaa. Futi akaniita kwa kidole. Nikashindwa kuinuka. Nikasikia kiti kikisogezwa nyuma yangu.

"Leo nipime mimi," alisema mama mkwe, akapanda kijukwaani na miwani yake.

"Aa, mama, wewe pumzika bwana."

"Nani kakwambia nimechoka? Au wauguzi wote ni wasichana? Pima."

Wenzangu wakaacha kushona, wakatazama. Futi akashika futi kwa ncha za vidole, kajitenga kama mtu anayepima waya wa umeme. Kifua, kiuno, nyonga. Kufumba na kufumbua kamaliza, na namba zote anazo kichwani.

Mama mkwe hakushuka. "Kumbe unajua kupima bila kumpapasa mtu! Sasa kwa mkwe wangu huo mkono huwa unatafuta nini?"

Bosi akaweka kitambaa chini, akaniuliza mimi kuna nini. Nikasema yote. Sauti ilianza chini, ikaishia kwa ukali nisioujua. Yule aliyenishauri gauni pana akainuka: "Hata mimi hunipapasa, akipita mashineni kwangu." Bosi akamwamuru Futi avue ile futi shingoni, aende nyumbani, hana kazi tena hapo. Wiki hiyohiyo sanamu mpya ikaletwa.

Jioni ya siku ile Futi alipofukuzwa, njiani kurudi nyumbani, nilijihisi mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Nikamuuliza mama mkwe alijua tangu lini.

"Muda tu, mwanangu. Nilingoja useme wewe kwanza, nisije nikakuaibisha. Leo uliposhindwa kuinuka, nikachoka kungoja."

"Mimi nilikuwa nakuogopa wewe, mama."

"Mimi?" Akacheka mpaka akashika ukuta wa nyumba ya watu, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Alipopata pumzi akanitazama kuanzia begani mpaka kwenye pindo.

"Ukifika nyumbani vua hilo turubai," alisema. "Nilipunguze usiku huuhuu."