Sahani Isiyo na Mshumaa

...na huyu kijana wa makumbusho bado anasema, kidole chake kinazunguka karibu na picha iliyoletwa kutoka kwetu, eti wekundu ule kwenye bakuli ni damu ya taifa, na rafiki yangu Stasė, tuliyetoka naye kanisani, ananong'ona, "Damu gani, ile si supu ya bitiruti, mtoto wa watu hajala kitu maishani huyu," siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu, lakini macho yangu yameganda mwisho wa meza ile, penye kiti kitupu, sahani, kijiko... kijiko tu, tazama vizuri, Danguolė, najiambia, macho ya mzee si ya kuaminika, labda mshumaa upo, labda rangi imefifia... haupo. Ni mkesha wa Krismasi, meza ya mama yetu, nyasi kavu zinachungulia chini ya kitambaa, samaki, uyoga, ngano na asali, hakuna nyama, kila kitu mahali pake, Julijonas mdogo wangu, aliyeichora, alikuwa mtoto wa kuhesabu hata vifungo vya joho la padri, hawezi kusahau mshumaa. Aliyekufa anawekewa sahani na mshumaa juu yake, aliye safarini anawekewa sahani na kijiko, maana atarudi na atakula, hilo mama alitufunza kabla hata ya kusali... "Hapa msanii anamkumbuka dada yake, aliyefariki mwaka 1944," anasema kijana, na watu wanatikisa vichwa kwa huruma, wananihurumia mimi, marehemu mwenyewe, nimesimama hapa na mkoba wangu. Bila shaka ndivyo alivyojaza kwenye makaratasi ya serikali ya Moscow iliyotutawala, mwenye ndugu ng'ambo hapati kazi, hapati rangi, ilimbidi aniue kwenye karatasi, lakini mezani, kwenye picha hii ya mwaka 1974, miaka thelathini tangu niondoke, akaniwekea kijiko. "Mama," anasema binti yangu Audra, ametoka kule mlangoni kusoma tena yale maandishi ukutani, Julijonas Daukšas, 1929 hadi 1989, si mjinga mwanangu, jina langu la usichana analijua, "Mama, mjomba si alikufa vitani?" nami nasema, "Ngoja, tumsikilize kijana," njia ya mwongo ni fupi, wanasema, yangu imefika mpaka Adelaide na bado inaendelea. Mwanzo haukuwa uongo, Mungu anajua, kambini kwa wakimbizi Ujerumani mtu wa kijijini kwetu alisema amemwona Julijonas mtaroni, miaka kumi na mitano, hapumui, nikamlilia, na huku Australia nikamwekea mshumaa, Desemba ya kwanza ulipinda kwa joto kabla hatujauwasha, nyasi za chini ya kitambaa nilizichuma kando ya reli, na Audra alipoanza kuuliza maswali akauliza, "Huyu asiyekuja ni nani?" Halafu 1958 barua ikaja. Mwandiko wake uleule wa kulala kama mlevi, Dada, nimerudi kutoka Siberia, mama hayupo tena, niandikie neno moja tu, na bado unamwogopa yule bata bukini wa shangazi? Mume wangu Pranas, Mungu amrehemu, akaishika kwa ncha za vidole, "Mtego huo, mke wangu, wamemlazimisha. Ukijibu tu, watamrudisha alikotoka," na sote tulisema hivyo miaka ile, kila nyumba ya kwetu ilikuwa na barua isiyojibiwa, tuliita kuwalinda... lakini bata bukini, jasusi gani angejua habari za bata bukini, nilijua ni yeye, nilijua palepale, nikaikunja nikaificha kwenye kopo la unga, na Krismasi ilipofika nikamwashia mshumaa. Mtu mzima, anapumua, anasubiri neno moja, kwa mkono wangu huu na kiberiti. Haikuwa Moscow niliyoiogopa, niliogopa kuanza kulia upya, nilikuwa nimeshamzika, maiti haulizi maswali, ni rahisi kumpenda, na mwaka uliofuata nikauwasha tena, na uliofuata, miaka thelathini na mitano, mpaka nikawa namsikitikia kweli... naye huko kwenye baridi kila mwaka anaosha kijiko changu. Mwaka huu niweke nini, sasa ndio amekufa kweli, na mshumaa wake nimeshaumaliza akiwa hai. Stasė ananitazama pembeni, yeye kusoma meza anajua, hakuna mwingine humu ndani anayejua zaidi ya sisi wawili, nikinyamaza atanyamaza, tutakunywa kahawa, tutapanda gari, na Julijonas atabaki ukutani na dada marehemu... "Mama, umechoka? Kuna kiti pale," Audra ananishika kiwiko, halafu anainama karibu na picha, kama alivyoinama mezani alipokuwa mdogo, "mbona sahani hii haina mshumaa kama ya kwetu? Kijiko hiki cha nani?" na kijana bado anasema, dada marehemu, damu ya taifa, kidole kinazunguka, nauweka mkoba wangu sakafuni.

"Changu," nasema. "Mwanangu, hicho kijiko ni changu."