Sufuria Moja Msituni Buyangu

Kama Shitanda angetulia kwenye kiti alichopangiwa, haya yote yasingetokea. Lakini mwanamume akishapenda, kutulia atakujulia wapi? Alikuwa amewekwa nyuma kabisa ya basi, kando ya tenga la kuku, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyejitwika kazi ya chakula. Kule mbele Ayuma alikuwa peke yake kwenye kiti cha watu wawili, na pale pa kukaa mtu wa pili palikuwa pamejaa mashanta ya wenzake. Basi bwana mkubwa akaona nafasi. Akasema mizigo inambana dada wa watu, akaikusanya yote, akaipeleka nyuma na kuirundika, kisha akarudi mbio kukaa kando ya Ayuma, meno yote nje. Hata hakutazama alikoirundika.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na sita. Vijana wa mjini Kakamega walikuwa wamekodi basi wakatembee: kwanza msitu wa Buyangu na kulala huko, kesho yake kupanda upande wa Nandi kutazama miamba na mabonde. Kila mtu na shanta lake mgongoni, kila kikundi na sufuria yake. Kikundi cha Shitanda kilikuwa cha watu watano. Yeye alikuwa karani, amepanga chumba mtaani Shieywe. Ayuma alifundisha watoto wa nasari. Khaemba alikuwa fundi wa redio, na mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia. Abdulnasir, mzaliwa wa Musanda, aliuza vitambaa sokoni, na pamoja naye alikuja Swafia, mdogo wake wa kike, aliyekuwa akingoja kwenda chuo cha ualimu.

Sasa, watu wa huku wana jambo lao, na ni jambo zuri. Mwislamu na Mkristo wakila pamoja, kisu anashika Mwislamu. Hakuna anayenuna, hakuna anayeona amedharauliwa. Hata nyumbani kwa kina Shitanda, wageni Waislamu wakitoka Mumias, babake humtuma mtu kwa jirani Mwislamu aje achinje, ndipo maji yabandikwe. Shitanda na Abdulnasir walikuwa wamekula hivyo tangu wakiwa na kaptura za shule. Hakuna sufuria ya huyu na sufuria ya yule. Hilo ndilo lililokuwa likiwapa raha kuliko hata safari zenyewe.

Walipofika getini waliacha mizigo kwenye basi kwanza, wakashuka kwa miguu hadi uwanja wa kupiga kambi. Miti ilikuwa imefunga juu, mbega wanaruka huko na mikia yao myeupe, na kila mtu ameinua shingo kama mtoto aliyepelekwa sherehe. Kijana wa kuwaongoza akasema wanaotaka kuona msitu wote kutoka kileleni mwa kilima watoke sasa hivi kabla jua halijateremka. Abdulnasir akamgeukia Shitanda.

"Wewe washa moto tu, ndugu yangu. Nikirudi nitachinja."

"Nenda, nenda," Shitanda akasema. "Mtakuta maji yanatokota."

Wakaenda wote wanne, Ayuma akimpungia mkono. Shitanda akarudi kwenye basi huku anapiga mluzi. Alipofika nyuma, mluzi ukakata. Lile rundo la mashanta, na mablanketi, na hema la watu lililotiwa juu yake baadaye, vyote vilikuwa vimelikalia tenga likabonyea. Akavitupa pembeni. Akafungua. Kuku walikuwa wamelaliana, shingo zimelegea, midomo wazi. Akamtikisa mmoja. Akamtikisa mwingine. Hakuna hata aliyepepesa jicho.

Mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angekaa chini, awangoje wenzake, aseme, jamani, nimewaua kuku, leo tule ugali wetu, obusuma, na sukuma wiki. Wangemzomea kidogo, wangecheka, yangeisha. Lakini Shitanda akamfikiria Ayuma akijua kwamba kuku wamekufa kwa sababu yake. Akamfikiria Khaemba, ambaye angeitangaza habari hiyo mpaka Krismasi. Akawagusa tena kuku, akaona bado wana joto. Loo, joto hilo ndilo lililomponza! Akatazama huku na huku, akawashusha nyuma ya basi, akatoa kisu, akakipitisha shingoni mwao mmoja baada ya mwingine. Damu haikuruka. Ilichuruzika kidogo, nzito, ikaganda pale pale kwenye majani. Alifanya haraka haraka kama mwizi, na kwa kweli alikuwa mwizi. Kufika wenzake, mizigo ameshaishusha kambini, manyoya yalishanyonyoka na sufuria inanukia.

"Eh!" Abdulnasir akasema, jasho likimtiririka kwa kupanda kilima. "Nani kachinja?"

"Kuna askari hapo getini, mzee wa Matungu," Shitanda akajibu, uso ameuinamisha kwenye moto. "Mwislamu mwenzako. Niliona mtachelewa, nikamwomba."

"Maashallah. Kesho nitapita nimsalimu."

Ndiyo hivyo tu. Hakumwangalia mara mbili. Akachukua mwiko, akachota mchuzi, akapuliza, akaonja. "Chumvi iko sawa," akasema, akampiga Shitanda begani kwa furaha. Shitanda alilisikia lile kofi mpaka tumboni. Angeweza kusema hapo. Alifungua hata mdomo, ila kilichotoka ni, "Ongeza kuni, Khaemba."

Kuanzia hapo hakupata raha. Ayuma alikuja kukaa karibu naye, akamsimulia jinsi msitu unavyoonekana kutoka juu, kijani kitupu mpaka macho yanachoka, na mto Isiukhu unasikika chini bila kuonekana. Jambo aliloliota tangu asubuhi lilikuwa limekaa mbele yake linacheka, naye hasikii neno. Alikuwa akimtazama Abdulnasir akitawadha, akimtazama akiswali kwenye kanga ya Swafia iliyotandikwa juu ya majani. Alijiambia kwamba asiyejua hana dhambi, hata mashehe husema hivyo. Halafu akajiuliza, na yule anayejua je? Nyama ikaiva, na jasho jembamba likawa linamtoka kana kwamba anapikwa yeye.

Vikundi vingine vilikuwa vimeshakula na kuosha vyombo walipokaa kuizunguka sufuria yao. Khaemba akaikata obusuma, akaitafuta firigisi kwa mwiko.

"Imondo ni ya Abdulnasir," akatangaza. "Ndiye mzee wetu hapa. Hata kama hajachinja leo, tunampatianga yeye."

Swafia alikuwa ameshika sahani yake tupu. "Kaka," akasema polepole, "huyo askari umemwona wewe mwenyewe?"

"Sijamwona."

"Basi mimi nitakula mboga tu. Msinichukie jamani."

Abdulnasir akacheka, lakini kicheko chenye kuumia kidogo. "Swafia, huyu ni Shitanda. Kabla hujaanza shule huyu alishakula kwetu na mimi kwao. Wallahi, nyama hii ni halali. Naapa mimi. Kama kuna kosa, liwe juu yangu, si juu yako. Haya, kula."

Swafia akamtazama kakake, kisha akamtazama Shitanda, akatabasamu kama anayeomba msamaha kwa kuwa na shaka. Akanyoosha mkono, akachukua paja.

Hapo ndipo Shitanda alipoinuka. Hakuwa amepanga neno lolote, na huo ndio ukweli wake. Alisema, "Ngoja niongeze mchuzi," akaishika sufuria kwa masikio yote mawili ingawa ilimuunguza, akapiga hatua, akajifanya mguu umenasa kwenye mzizi. Sufuria ikapinduka. Mchuzi ukamwagika, vipande vikagaagaa kwenye majivu, na mkono wake ukalipiga lile paja likamtoka Swafia vidoleni.

"Wewe!" Khaemba akaruka juu. "Wewe ni mtu ama ni nini? Njaa yote hii! Unatembeanga na miguu ya nani?"

"Pole," Shitanda akasema. "Poleni jamani."

"Pole tutaimeza na obusuma?"

"Mwache," Abdulnasir akakata maneno. "Ajali ni ajali. Hebu ona mikono yake, imeungua. Ayuma, mletee maji ya baridi."

Akaenda kwenye shanta lake, akazama ndani mpaka bega, akatoka na furushi la kitambaa lililofungwa mafundo. Alilifungua huku amejikunyata kwa haya. Chapati, na mayai ya kuchemsha, na nyama kavu iliyokaangwa vizuri.

"Mama hakutaka nije," akasema. "Alisema vijana wa mjini hawajali, nitalishwa kitu. Tukagombana. Nikamwambia, Mama, kule yuko Shitanda, atanichungia mdomo wangu kuliko hata wewe. Akanifungia chakula hiki kwa nguvu. Nilikuwa naona aibu kukitoa mbele yenu." Akakata chapati, akaikunjia nyama ndani, akamnyooshea Shitanda kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeumia mikono. "Bismillahi. Kula, ndugu yangu."

Jamani, kuna wema unaoumiza kuliko fimbo. Shitanda aliitazama ile chapati akaona kwamba akiipokea amekwisha, hatakuwa mtu tena maisha yake yote.

"Walikuwa wamekufa," akasema.

"Nani wamekufa?"

"Kuku. Walikufa kwenye basi. Niliwarundikia mashanta nikaenda kukaa mbele. Niliwapitishia kisu wameshakufa. Hakuna askari. Ilikuwa kibudu."

Khaemba akawa wa kwanza kusema, kama kawaida yake. "Sasa ni hiyo tu? Hata sisi kwetu, kuku ikikufa na bado iko na joto tunai..."

"Nyamaza, Khaemba," Ayuma akasema. Alikuwa ameleta maji ya baridi kwenye bakuli. Aliliweka chini, mbali kidogo na Shitanda, akarudi kukaa upande wa Swafia.

Abdulnasir bado alikuwa ameinyoosha ile chapati. "Kwa hiyo hukujikwaa."

"Sikujikwaa."

"Ungeniacha nile?"

Shitanda alitaka sana kusema la. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, dogo, rahisi. "Wewe nilikuwa nimeshakuacha," akasema. "Ni Swafia ndiye aliyenishinda. Nilipoona anakula kwa kiapo chako."

"Mchuzi niliuonja," Abdulnasir akasema. Hakuwa akimwambia mtu. Ni kama alikuwa anajikumbusha. Akamwekea Shitanda chapati kwenye sahani, akainuka, akaenda kwenye bomba la maji karibu na vyoo. Wakamsikia akisukutua, anatema, anasukutua tena, mpaka Swafia akaanza kulia. Shitanda aliomba moyoni arudi amtandike makofi mbele ya watu wote. Angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini Abdulnasir alirudi akifuta mdomo kwa mkono wa shati, akawagawia wengine chapati, akasema tu, "Tuleni, giza linaingia." Shitanda alitafuna kipande kimoja, akaiacha sahani, akatoka akakaa peke yake kwenye kigogo akilia kama mtoto.

Asubuhi basi lilipanda kuelekea Nandi. Shitanda alikaa nyuma kabisa, pale alipopangiwa tangu mwanzo, na hakuna aliyemwita mbele. Walisimama kwenye ukingo wa miamba ambapo nchi yote ya chini inaonekana, mashamba ya miwa yakiishia kwenye ukungu, na watu wakapiga picha. Abdulnasir akamwita naye waingie kwenye picha. Alimwita kwa sauti ile ile ya siku zote. Akamwambia hata, "Simama vizuri, umekunja uso kama shangazi." Shitanda akasimama vizuri, na kifua chake kikaanza kulegea, akafikiri, ameshanisamehe, yamekwisha, Mungu mkubwa.

Karibu na hapo mama mmoja wa Kinandi, Chepkemoi, alikuwa na kuku wa kuuza. Wakanunua. Khaemba akapaza sauti, "Abdulnasir! Kuja uchinje!" na Abdulnasir akaja, akaelekea kibla, akachinja inavyopasa, damu ikaruka. Shitanda akachukua kuku kwenda kunyonyoa. Abdulnasir akafuata. Shitanda akawakata vipande. Abdulnasir alikuwa amesimama hapo hapo, mikono nyuma, anazungumza habari za mpira, nani amefunga na nani amenunuliwa, anacheka hata. Sufuria ikabandikwa. Ayuma na Swafia wakaita kutoka ukingoni, njooni muone tai wanavyoelea huku chini yetu! Khaemba akakimbia. Abdulnasir, aliyekuwa akipenda kutazama vitu vya Mungu kuliko wote, hakuondoka.

"Nenda ukaone," Shitanda akamwambia. "Mimi nitaangalia sufuria."

Abdulnasir akamtazama kwa upole, na kwa kweli hapakuwa na hasira yoyote usoni mwake.

"Hapana," akasema. "Acha tu nikae hapa mpaka iive."