Panya Juu ya Ukuta

Panya alikuwa amekufa nyuma ya mtungi wa mchele. Godavari alipomwona, aliufunga mlango upesi. Mwaka ule hapakuwa na mtu Bombay asiyejua maana yake: panya akifia chumbani, tauni iko mlangoni. Wakaguzi wakipata habari, wenye chumba hupelekwa kambini, na waliorudi kutoka kambini ni wa kuhesabu. Na bintiye Tani, wa miaka minne, alikuwa na homa tangu jana.

Basi akafanya walivyofanya wengi katika jengo lile la wafanyakazi wa viwanda vya pamba, wanaoazimana chumvi asubuhi na kutupiana balaa mchana. Alimbana panya kwa koleo la jikoni, akapanda juu ya jiwe la kusagia, akamrusha ng'ambo ya ukuta wa mbao usiofika darini. Chumba cha pili kilikuwa cha Yamuna, mjane asiyejua kufunga mdomo, ambaye saa ile alikuwa bombani akigombania maji. Godavari alinawa kwa majivu akijiambia kwamba yule mzee hana mtoto. Ni aibu, lakini ndivyo alivyojiambia.

Adhuhuri viatu vikasikika ngazini. Wakaguzi! Walianzia kwa Yamuna, aliyekuwa amesharudi na maji, wakachungulia kile chumba cha giza kisicho na dirisha, wakatoka upesi. Kisha wakazuiliwa barazani na jirani aliyekataa kuvua shati akaguliwe makwapa kama yana uvimbe wa tauni.

"We Godu!" Yamuna alinong'ona juu ya ukuta. "Kwangu wamemaliza. Nipe mtoto!"

"Hapana, shangazi..."

"Hapana nini, punguani wewe? Wakimgusa tu, huna mtoto tena. Lete, mikono inaniuma!"

Godavari alitaka kumwambia habari za panya. Viatu vilikuwa vinakaribia, na Tani alikuwa wa moto kifuani pake. Alipanda tena juu ya jiwe lile lile, akampitisha mwanawe pale pale alipompitishia panya.

Wakaguzi wakaingia, wakapekua matandiko, wakapiga fimbo mitungi.

"Una watoto?"

"Mmoja. Yuko kijijini kwa bibi yake."

Wakaandika, wakatoka. Godavari akarudi upesi ukutani.

"Wamekwenda?" Yamuna alicheka kwa sauti ya chini. "Wajinga wakubwa! Tulia, mwanangu. Nimemlaza hapa chini ya ukuta wako, juu ya magunia. Pana ubaridi, homa itashuka."

Ndipo Godavari akasikia sauti nyembamba ya Tani kutoka ng'ambo.

"Mama, huku kuna panya. Kalala. Nimemfunika."

Godavari alitoka mbio barazani, kichwa wazi. Wakaguzi walikuwa wameshafika ngazi ya chini. Aliinama juu ya ukingo, watu wote wa jengo wakimtazama, akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Rudini! Kwa mzee kuna panya aliyekufa, nimemtupa mimi; msimchukue, hana kosa! Panya ni wangu, na mtoto ni wangu!"