Zamu ya Mayunga

Tangu juzi, kioo cha pampu ya maji ya Mbwemkuru kilikuwa kikiandika maneno yale yale: MAYUNGA ANATUMIA. Hatumii kitu! Mume wangu Mayunga aligusisha kadi yake ya maji, pampu ikakoroma kidogo, ikanyamaza, maji yasitoke. Toka hapo kila anayegusisha kadi anaambiwa asubiri Mayunga amalize.

Sisi tuliokuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa bado tunaitwa wageni, basi lawama zote zikatuangukia. Mzee Bakary, mwenye bustani ya mchicha, alisema bila kupepesa macho, "Leo jioni kwenye kikao, Mayunga arudishe kadi. Akatafute maji kwingine."

Hasira ilikuwa imeninyima usingizi tangu juzi. Mchana huo niliona kila kitu kwa mbali: mikorosho ikielea kwenye joto, ng'ombe wakilamba birika kavu huku wamefumba macho, labda wanaota mvua.

Munira, aliyeitengeneza mashine ile ya kadi, akafika kwa bodaboda kutoka Nachingwea, vumbi hadi kwenye kope. Akachomeka kompyuta yake, akasoma, kisha akashika kichwa.

"Dada Leah, kosa ni langu. Programu inashika zamu, inashika pampu, inashika koki, halafu inauliza kipimo cha maji. Kipimo kisipojibu, inaondoka bila kuachia chochote, na jina la mtu linabaki."

"Kwani hukuijaribu?"

"Niliijaribu sana. Lakini kwetu Nachingwea umeme unakatika ovyo. Ukirudi, mashine inaanza upya, kila kitu kimeachiwa. Nikadhani programu yangu ndiyo inaachia. Hapa mna sola na betri, haizimiki."

Nilitaka kumfokea, nikamwonea huruma. Akarekebisha pale pale, watu wakijaa. Halafu akachomoa waya wa kipimo makusudi, kisijibu kama juzi.

"Shemeji, gusisha."

Mayunga akagusisha. Pampu ikakoroma, ikanyamaza. Nikafumba macho, nikasikia mawimbi ya ziwa letu, mbali kabisa. Koki ikajifunga. Nilipofumbua, jina lilikuwa limefutika: ZAMU IKO WAZI. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

"Maji yamegoma kama juzi," Mayunga alisema taratibu, "na leo mnanishangilia."

Makofi yakakatika. Munira akarudisha waya. Mzee Bakary alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kadi mkononi, na mbele ya Mayunga hakuweza kuigusisha.