Konokono Anaitwa

Kwa mtu mwingine yeyote, fundi wa sauti angemuuliza amekunywa nini asubuhi, angetazama mistari ya kijani ikipanda na kushuka kwenye kinasa sauti chake cha mkononi, kisha angepunguza kiwango cha sauti kidogo. Lazima upunguze. Mtu akijaribiwa hunong'ona kama yuko ukweni. Ukimwambia "haya, sasa kweli," anapayuka. Sauti ikizidi, taa nyekundu huwaka, na kilichochanika hapo hakishoneki. Hayo aliwafundisha wenzake kazini, tena kwa mikogo.

Lakini leo aliyekaa mbele yake alikuwa mama yake. Kesho asubuhi madaktari wangemtoa uvimbe kooni, na sauti ingeondoka nao. Atapona, walisema, ila hatasema tena.

Friji alishaichomoa isingurume. Akamkalisha mama chumbani, katikati ya milango iliyo wazi ya kabati la nguo.

"Umeniingiza kwenye sanduku kabla ya siku yangu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki kama karatasi inayoburutwa sakafuni.

"Nguo zinameza mwangwi, mama. Haya, umekunywa nini asubuhi?"

"Wewe fundi au muuguzi? Chai. Mbaya, maana umepika wewe."

Mistari ilitambaa chini kabisa. Akakizungusha kigurudumu cha sauti, akapandisha. Akapandisha tena. Alitaka vyote: pumzi, midomo inavyoachana, hereni inapogusa kola ya gauni.

"Unapandisha nini sasa?"

"Sauti yako."

"Punguza, mwanangu. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo."

"Zamani, mama," akajibu kwa upole, na upole huo ndio uliomponza.

Alichokuwa anakitafuta ni jina tu. Utotoni ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi nyumbani kila jioni, ndipo mama akambandika jina la Konokono. Mama alikuwa akisimama pembeni mwa uwanja, bila filimbi, na kumwita mpaka timu zote mbili zinageuka. Naye kwa aibu alijibanza nyuma ya goli. Sasa alikuwa baba mzima mwenye upara, na hakuna sauti duniani aliyoitaka kuliko hiyo.

"Niite mara moja tu, mama. Polepole, usijiumize."

Mama akafumba macho, akayashika magoti yake. Fundi akadhani anatafuta nguvu ya kunong'ona. Kumbe siku zote alizokaa kimya hospitalini akipimwa, mama alikuwa anajiwekea akiba ya sauti.

"Konokonooo! Njoo nyumbani!"

Ilikuwa yenyewe, sauti ya uwanjani. Taa nyekundu ikawaka, ikaganda. Kwenye hedifoni kukasikika kama bati linapasuliwa, akazing'oa masikioni, na kwa masikio yake matupu akaambulia mkia tu: "...mbani!" Kisha kikohozi. Mama alikohoa mpaka akamwegemea begani, akainua kiganja: basi.

"Imeingia?" akauliza kwa midomo.

"Imeingia safi kabisa, mama."

Aliporudi kutoka hospitali, shingo imefungwa bandeji, kitu cha kwanza alichokinyooshea kidole kilikuwa kile kinasa sauti. Fundi akasema betri zimekwisha. Mama akachukua rimoti ya televisheni, akazitoa betri zake, akamwekea mkononi. Mwalimu wa michezo hakuwahi kumwachia mtu njia ya kukwepa.

Akamvalisha hedifoni, akabonyeza, akasimama kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mama akasikiliza. Lile bati likapasuka; fundi alilijua kwa jinsi mama alivyopepesa macho. Mabega yakaanza kutikisika. Fundi akapiga magoti, "Nisamehe, mama, uliniambia," akidhani analia. Alikuwa anacheka, mdomo wazi, meno yote nje, na chumba kimya kabisa.

Halafu akakichukua kinasa sauti, akakitafuta kile kigurudumu kwa kidole gumba, akakirudisha chini, taratibu, mpaka pale kilipotakiwa kuwa siku ile.

Hapo fundi akaangua kilio, cha kwikwi, cha kitoto, huku akingoja aambiwe kama alivyoambiwa maisha yake yote. Mama akampapasa upara, akamwinua kidevu ili aone vizuri. Midomo ikasema: Nyamaza, Konokono.

Akaisoma midomo ilivyokwenda. Sauti akaitia mwenyewe.