Ubeti wa Tatu

Santuri ile ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, miaka thelathini na minane iliyopita, na kosa lake limo mpaka leo. Katika wimbo wa nne mwimbaji anaimba ubeti wa kwanza na wa pili, kisha wa tatu unamtoka kichwani. Gitaa linazunguka mara mbili likimngoja. Ndipo mpiga dramu, mdogo wake wa tumbo moja, anaropoka maneno yoyote yaliyomjia kwa sauti ya chura, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mwenye studio alitaka kulikata kosa hilo, kaka mtu akakataa katakata. Mashabiki wakalipenda kuliko nyimbo zenyewe.

Sasa bendi ilikuwa inairudia santuri nzima jukwaani, kosa likiwemo. Tamasha lilipangwa saa kumi alasiri, maana wapigaji na mashabiki wao wote walishafika umri wa kupenda kulala mapema. Mpiga besi alipiga akiwa amekaa kwa ajili ya goti, na mpiga gitaa alivaa miwani kuzitafuta nyuzi. Lakini ng'ombe hazeeki maini. Mitambo ikishawashwa, roki yao ilikuwa bado inatetemesha madirisha.

Mpiga dramu, waliyemwita Kishindo, hakuwa na hofu na mikono yake. Hofu yake ilikuwa kaka. Si kusahau funguo, nani hasahau funguo? Mwezi uliopita kaka alimuuliza mkewe, kwa adabu zote, kama mwenye nyumba ataridhia yeye aendelee kukaa pale. Daktari alishasema ugonjwa huo haurudi nyuma. Mke akamwita Kishindo jikoni.

"Shemeji, sikumkataza kuimba, maana ndiyo furaha iliyombakia," alisema. "Ila akipotea mbele za watu, usimwache aaibike. Nirudishie nyumbani."

Kishindo akaapa. Akakubaliana na wenzake kwamba akivilaza vijiti vyote viwili juu ya ngoma, kila mtu anyamaze hapo hapo. Maneno ya nyimbo yakaandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi zilizobandikwa sakafuni, isipokuwa ubeti ule wa tatu. Hapo kaka alikuwa amewachekesha mazoezini. Alisema wamwachie mwenyewe, siku hizi kusahau ndiyo fani yake.

Nyimbo tatu zikapita salama. Ukaja wa nne. Gitaa likazunguka mara ya kwanza, na watu wakaanza kutabasamu wakilisubiri kosa lao. Likazunguka mara ya pili. Kishindo alikwishafungua mdomo aropoke, akaona shingo ya kaka imekakamaa na mkono wake unapapasa hewa. Je, anaigiza au amepotea kweli? Akaanza kuviteremsha vijiti.

Kaka akaimba.

Akauimba ubeti wa tatu, ule wenyewe, ambao haumo kwenye santuri na ambao Kishindo aliusikia mara moja tu, siku ulipotungwa. Ulikuwa wa watoto wawili na shuka moja, na mkubwa analala upande wa mlango ili baridi imkute yeye kwanza. Hakuna aliyecheka. Watu walioijua santuri ile kwa moyo walikuwa wanausikia kwa mara ya kwanza maishani mwao. Kishindo alilia huku akipiga, na wala hakujali nani anamwona. Alikuwa anampenda kaka yake, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia.

Kiitikio wakakidaka watu wenyewe. Kaka akaiacha maikrofoni, akaja taratibu mpaka kwenye dramu, akainama.

"Huu wimbo ni wa nani?"

"Ni wako, kaka."

"Ni mzuri."

"Mzuri sana."

Akabaki amesimama, akiwatazama wale watu kama mgeni asiyejua akae wapi. Kishindo akavilaza vijiti vyote viwili juu ya ngoma. Besi ikanyamaza, gitaa likanyamaza, watu wakaendelea kuimba peke yao. Akatoka nyuma ya dramu, akamshika kaka mkono.

"Twende nyumbani."

"Tumemaliza?"

"Tumemaliza," Kishindo alisema, na santuri ilikuwa imebakiza nyimbo tano.