Mkoromo wa Chumba cha Nyuma

Chumba cha nyuma ndicho alichougulia mume wangu. Alipofariki nilitoa kitanda, nikamwaga maranda sakafuni na kuingiza kuku arobaini wa mayai. Wifi yangu, dada yake marehemu, alicheka.

"Kaka yangu hata harufu ya kuku hakuitaka, na wewe umewapa chumba chake!"

Juma la sita kuku walianza kupiga chafya. Nyuso zikavimba, makamasi yenye uvundo yakawatoka puani. Kisha wakaanza kukoroma. Nilisimama mlangoni na ndoo ya maji. Mkoromo ule niliujua: unavuta, unakwama, unasubiri kidogo, ndipo unatoka. Hivyo ndivyo alivyopumua mume wangu siku zake za mwisho.

Daktari wa mifugo alimshika kuku mmoja, akambinya pua taratibu.

"Mafua ya kuku haya, mama. Ni bakteria. Weka dawa hii kwenye maji siku tano. Usikatishe, hata wakinyamaza."

Siku ya tatu wakanyamaza. Niliketi juu ya ndoo niliyoipindua, nikasubiri. Chumba kilikuwa kitupu kuliko siku tuliyomtoa marehemu kwenda kuzikwa.

"Mungu wangu, nisamehe," nikasema. Nikaenda kumwaga maji ya dawa uani, nikawawekea maji matupu.

Siku nne baadaye mkoromo ulirudi. Kila nilipomaliza sala ya asubuhi niliingia, nikafumba macho, nikasikiliza. Mara mbili nilijikuta nimeitika, kama mtu aliyeitwa. Kuku sita walikufa.

Wifi alinikuta humo. Alitaka kutania, akasita, akatega sikio.

"Wifi... huyu si..."

"Na wewe unamsikia?"

"Namsikia." Akaiona chupa ya dawa dirishani, imebaki nusu, akanishika mkono. "Ndiyo maana umewanyima dawa?"

Nikaificha chupa ndani ya kanga.

"Siku zile za mwisho ulikuwa ukimwombea nini?"

"Apumzike."

"Sasa mbona humwachi?"

Nilimwita daktari, nikamweleza kwamba dawa niliimwaga. Sababu sikuisema. Alinitazama sana.

"Mama, umewaua mwenyewe hao sita. Anza upya, siku tano kamili."

Safari hii nilitia dawa kila asubuhi. Mkoromo ukapungua, kuku kwa kuku, hadi siku ya tano akabaki mmoja tu akikoroma, pale ulipokuwa mto wa kitanda. Nilimpakata, nikamnywesha dawa kwa kijiko. Pumzi ikavuta, ikakwama. Nikasoma dua niliyoshindwa kuimaliza siku mume wangu alipokata roho, safari hii hadi mwisho. Alasiri kuku alikuwa akipumua bila sauti yoyote.

"Wifi!" aliita dada yake marehemu kutoka uani. "Bado yupo?"

"Kuku waliobaki wote wazima," nikajibu. Kwamba kaka yake ameondoka, hilo halikunitoka.